Sala ya kuazima: vitabu vya ibada na Ukristo wa Pemba

Henry Stanley Newman, aliyefika Pemba mwaka 1897, alikuwa mtu wa vitabu. Kwao Leominster, Uingereza, aliasisi kiwanda cha uchapaji kilichobeba jina la mayatima, kwa sababu ndiko watoto yatima wa mji ule walikofundishwa kazi, na kikawa kinatoa vijitabu vya dini mwaka hadi mwaka. Juu ya hayo alikuwa mhariri wa The Friend, gazeti la Marafiki, dhehebu ambalo wengi hulijua zaidi kwa jina la Quaker. Mtu wa namna hiyo ungemtarajia ashuke bandarini na masanduku ya vitabu. Kumbe lililomleta ni shamba la mikarafuu.

Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, ile ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo zao la karafuu la Zanzibar likawa linabebwa hasa na kisiwa hiki. Waliochuma walikuwa watumwa. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa kusukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria, Unguja na Pemba. Lakini amri ile haikumfungua mtu kwa siku moja. Mtumwa alipaswa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na aeleze atakaa wapi na atakula kwa kazi gani. Wenye mashamba walisema mtu akishakuwa huru hapandi tena mkarafuu. Marafiki wa Uingereza, waliokuwa wamepambana na utumwa kwa zaidi ya karne, wakaazimia kuonyesha kwamba atapanda, mradi alipwe. Kamati yao ya kupinga utumwa ikapata shamba Banani, karibu na Chake Chake, na Theodore Burtt akabaki kuliendesha. Newman alirudi kwao akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1898, akakiita Banani.

Hapo ndipo historia ya vitabu vya ibada Pemba inapopata utamu wake, maana Marafiki ni watu wasio na kitabu cha sala. Ibada yao ya asili haina padri, haina mimbari, haina litania. Watu huketi kimya. Akiguswa mtu na jambo, husimama akalisema, kisha huketi. Asipoguswa mtu, kimya huendelea mpaka wanapopeana mikono na kwenda zao. Mwasisi wao, George Fox, katika karne ya 17 aliwasumbua wahubiri wa Uingereza kwa hoja moja: mmenukuu walichosema mitume, sawa, lakini ninyi wenyewe mmepata nini cha kusema kutoka kwa Mungu? Kwa Fox, sala iliyoandikwa na mtu mwingine ilikuwa nguo ya kuazima.

Sasa nenda kaskazini, mwendo wa kama kilomita 30 kutoka Chake Chake, ufike Wete. Huko, katika miaka ileile ya mwisho wa karne ya 19, walijenga Waanglikana wa UMCA, Misheni ya Vyuo Vikuu, nao walikuwa kinyume kabisa. Kwao Mkristo hulelewa na kitabu cha sala: asubuhi ina sala zake, jioni ina zake, toba ina maneno yake, na maiti ana yake. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, hakukawia kuwaketisha vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa mbele ya mtambo wa kuchapa, akawafundisha kupanga herufi za risasi moja moja. Akatafsiri sala, zaburi na Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Yeye alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiswahili hicho ikatoka mwaka 1891. Mtumwa aliyepata uhuru akabatizwa Wete alikuta maneno ya kumwambia Mungu yameshapangwa, kwa lugha yake, na kwa herufi alizofundishwa shuleni palepale misheni.

Kwa hiyo kisiwa kimoja chembamba, kilichojaa Waislamu tangu enzi na enzi, kilipokea Wakristo wa aina mbili kwa mpigo: wenye kitabu na wenye kimya. Mabishano yanayosikika leo makanisani, kwamba vijitabu vya ibada vya kila siku vinamkomaza muumini au vinamlemaza, Pemba yalishafika tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kitabu cha ibada humkuza mtu pale kinapomsogeza kwa watu, na humdumaza pale kinapokaa mahali pao. Ubora wa maandishi, jina la mwandishi, hata usahihi wa mafundisho, yote ni muhimu, lakini naona yanakuja baada ya hilo. Na historia ya vitabu vyenyewe inaniunga mkono kuliko mahubiri yanayovisifu au kuvilaani.

Tuanze na kilichosafiri kuliko vyote, Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Kitabu hiki cha mwaka 1678 kimetafsiriwa kwa lugha kama 80 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Profesa Isabel Hofmeyr wa Afrika Kusini, aliyekifuatilia bara zima, alionyesha mwaka 2004 kwamba Waafrika wengi hawakukisoma peke yao kwa mshumaa. Walikisikia kikisomwa darasani, walikiigiza, walikitazama katika picha za taa ukutani. Kikawa mali ya kikundi. Na kwa msomaji wa Pemba kuna kichekesho ndani yake: kitabu cha kwanza kabisa cha Bunyan, cha mwaka 1656, kilikuwa cha kuwashambulia Marafiki na fundisho lao la nuru iliyo ndani ya kila mtu. Miaka 16 baadaye alipokuwa angali kifungoni Bedford kwa kuhubiri bila kibali, Marafiki walimwendea mfalme kuwaombea msamaha wafungwa wao, na jina la Bunyan likaingizwa katika orodha ileile. Akatoka. Mtu aliyewatukana kwa kalamu walimtoa gerezani kwa miguu yao.

Kijitabu cha aya moja kwa siku nacho kina asili ambayo wengi wanaokinunua hawaijui. Mwaka 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wakristo waitwao Wamoravian, aliwapa watu wake neno moja jioni, liwe la kesho yake. Asubuhi ndugu walilipeleka kwa miguu nyumba hadi nyumba. Anayelipeleka alibisha hodi, akaliacha neno, akaangalia pia nani mgonjwa, nani ana njaa, nani amegombana na mwenziwe. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapwa kitabuni, na hadi leo hutoka kila mwaka bila kukatika. Kwa Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, utaratibu huo ulikuwa umeshazeeka. Kitabu kilihifadhi neno vizuri sana. Hodi ndiyo kisiyoweza kuichapa.

Oswald Chambers naye, ambaye kitabu chake cha tafakari za kila siku kimepangwa rafu za mbele za maduka ya vitabu vya Kikristo duniani kote, hakukiandika. Alifariki Cairo mwaka 1917, akiwahudumia askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Mkewe, Biddy, mwenye ufundi wa hati mkato, alikuwa ameyanukuu mafundisho yake neno kwa neno, akayakatakata yakawa kurasa za siku, na kitabu kikatoka mwaka 1927. Ukurasa tunaousoma alfajiri tukiwa peke yetu ulikuwa mazungumzo ya mwalimu na wanafunzi waliomkabili, walioweza kumkatiza na kumwuliza.

Miongoni mwa Marafiki wenyewe palitokea mwandishi aliyevunja rekodi. Hannah Whitall Smith wa Philadelphia, mtoto wa dhehebu lisilo na kitabu cha sala, mwaka 1875 alitoa kitabu juu ya siri ya Mkristo kuishi kwa furaha, kikauzwa kwa mamilioni. Alizaa watoto saba, akazika wanne. Wasomaji walipata ile furaha. Misiba ilibaki zaidi katika barua na katika kitabu kingine alichomwandikia mwanawe aliyekufa akiwa kijana. Hapa ndipo ninapowaelewa wanaolalamika kwamba vitabu vya aina hii huonyesha mavuno na kuficha palizi. Msomaji aliyefiwa huhitimisha kwamba hitilafu iko kwake yeye.

Lakini Pemba haihitaji kwenda Philadelphia kuutafuta mfano. Keti kwenye maulidi, Wete au Chake Chake. Barzanji ni kitabu cha ibada hasa, kilichotungwa Madina katika karne ya 18, na kwa mwambao huu Sayyid Mansab wa Lamu alikipa sura ya Kiswahili. Mlango mmoja husomwa na huyu, unaofuata na yule, mashekhe na vijana. Ubani unafuka, chupa ya maraashi inapita, na ukifika wakati wa kiyamu watu wote husimama kwa pamoja. Mzee asiyejua kusoma humkosoa kijana aliyeruka neno, kwa sababu kitabu kizima kimo kifuani mwake. Ubishi nao upo na ni mkali: wapo Waislamu wa Pemba wanaosema maulidi ni bidaa na kwamba Kurani na hadithi zinatosha. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mfasiri wa Kurani iliyotoka mwaka 1969, aliandika vijitabu vya kukemea aliyoyaona yamezushwa katika dini. Swali lao ni pacha wa lile la Wakristo: kitabu cha pembeni kinakupeleka kwenye Kitabu, au kinakuzuia njiani? Tofauti ni kwamba wenye maulidi huulizana hayo barazani, uso kwa uso, maana ibada yenyewe ni ya watu wengi.

Kati ya maaskofu wa Zanzibar walioihudumia Pemba, Frank Weston ndiye aliyeligusa jambo hili penye kidonda. Alikuwa mtu wa ibada nzito, ya ubani na sakramenti, na mtu wa sala za kitabu. Mwaka 1920 alichapa kijitabu cha kuilaumu serikali yake mwenyewe kwa kazi za kulazimishwa walizotwikwa Waafrika. Kisha mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana wenzake London, watu waliokuwa wamepigania haki ya kuhifadhi sakramenti katika tabenakulo, akawaambia kwamba hawana haki ya kudai wanamwabudu Yesu pale altareni ikiwa hawamhurumii katika miili ya maskini wa mitaa ya hovyo. Weston hakuwataka wavitupe vitabu vyao vya sala. Alitaka kuona mtu anakwenda wapi anapovifunga. Kwa kipimo hicho hata Banani, pamoja na kasoro zote za wazungu kuendesha shamba la waliokuwa watumwa, palikuwa na ibada iliyotoka nje: mtu alilipwa ujira wake.

Mapinduzi ya 1964 yalibadili sura ya mambo. Mashamba yalitaifishwa, shule za misheni zikachukuliwa na serikali, na Ukristo wa Pemba, ambao daima ulikuwa mdogo, ukabaki kwa sehemu kubwa ni wa watu wa bara waliohamishiwa kikazi: polisi, askari, walimu, wauguzi, wafanyabiashara. Mchukue muuguzi wa kutoka Mbeya aliyepangiwa Wete. Zamu zake haziangalii Jumapili. Kwaya aliyoizoea iko ng'ambo ya bahari. Mkobani ana kijitabu. Akiwa Msabato kitakuwa Kesha la Asubuhi, akiwa wa kanisa jingine kitakuwa kingine. Juu ya ukurasa pana tarehe, chini yake aya moja, kisha kisa cha dereva aliyekwama kwenye theluji akaokolewa na mtu asiyemjua, halafu sala ya mistari mitatu. Dakika nne, amemaliza, anavaa viatu. Mimi siwezi kumcheka. Katika mahali ambapo mchungaji huja kwa nadra, kijitabu hicho ndicho mchungaji, na kumwambia asubiri ibada kamili ni kumwambia mwenye kiu asubiri masika.

Neno langu na waandishi wake ni jingine. Aya moja iliyokatwa katikati ya sura humzoesha msomaji kudhani Biblia ni mfuko wa methali. Mwaka mzima wa kurasa hizo unaweza kwisha asijue barua kwa Wafilipi iliandikwa gerezani. Na sala iliyoshaombwa kwa niaba yake humwondolea kazi ambayo Fox aliona haifanywi na wakili. Siku hizi mambo yamehamia simuni: tafakari huingia kwenye kundi la WhatsApp alfajiri, haina jina la aliyeiandika, watu ishirini huijibu kwa amina, na kundi hilohilo halina habari kwamba mmoja wao ana wiki nzima hajala vizuri. Kundi tayari lipo, na simu inaweza kupiga. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza "umeamkaje" akangoja jibu.

Kisha kuna ile theluji. Tanzania ina wachapishaji wake wa Kikristo, Dodoma na Ndanda kwa kutaja wawili, na Nairobi ina wake, lakini visa vingi tunavyosomewa bado ni vya barabara kuu za Marekani. Kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa Chake Chake kingekuwa na ukurasa wa msimu wa karafuu, wakati majamvi yametandazwa kandokando ya njia na kila mkono unahitajika. Kingekuwa na ukurasa wa mwezi wa Ramadhani: Mkristo afanye nini mchana mbele ya wenzake waliofunga, na jioni jirani anapomletea sahani ya futari, aombe nini juu ya chakula kile, na sahani airudishe na nini ndani yake.