Kiu ya Kiingereza Katika Kakamega

Lugha ya kigeni iliyotangulia kusikika katika nchi ambayo leo twaiita ya Waluhya haikuwa Kiingereza bali Kiswahili, ambacho misafara ya pwani ilikifikisha Mumias, katika himaya ya Nabongo Mumia, na ambacho maafisa wa serikali ya kikoloni, walipofika mwishoni mwa karne ya 19, walikikuta tayari kwa kazi ya kuamrisha, kutoza kodi na kuhukumu. Makao ya wilaya yalipohamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega mnamo mwaka 1920, Kiingereza nacho kilihamia huko, lakini kilikaa ndani ya majalada na barua. Na raia mwenye haja alisimama barazani akimtegemea mkalimani, asijue lililoongezwa katika maneno yake wala lililopunguzwa.

Wamisionari walikuwa wamekwisha kuingia. Marafiki, waitwao pia Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua Mukumu mwaka 1906, na Waanglikana wakaanza Butere mwaka 1912. Wote hao walifundisha kusoma, na kwa hilo wanastahili shukrani. Ila walifundisha kwa lugha za nyumbani, kwa kuwa muradi wao ulikuwa neno la Mungu limfikie mtu katika lugha ya mamaye. Kiingereza kilicheleweshwa, na aghalabu nafasi yake ilijazwa na useremala, ufyatuaji wa matofali na kilimo. Kazi hizo si duni hata kidogo, lakini vijana walikuwa na macho, nao waliona ni nani aliyeketi kivulini akiandika na ni nani aliyesimama juani akiandikwa.

Hapa ndipo historia yetu inaposahauliwa. Yadhaniwa kwamba Kiingereza kililetwa na kubandikwa tu juu ya watu, hali Halmashauri ya Wenyeji ya Kavirondo ya Kaskazini, kama wilaya hiyo ilivyoitwa wakati huo, iliyoundwa katikati ya miaka ya 1920, ilidai shule ya serikali itakayofundisha zaidi ya dini na kazi za mikono, ikatoa na fedha zilizochangwa na wananchi wenyewe. Shule hiyo ilifunguliwa Kakamega mwaka 1932, nayo ndiyo Shule ya Upili ya Kakamega tuijuayo leo.

Mwaka huohuo una habari nyingine. Dhahabu ilikuwa imeonekana Kakamega mwaka 1931, na Wazungu wakamiminika kuchimba. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ikitwaliwa, wenyewe watapewa ardhi nyingine badala yake, na kwamba halmashauri yao itashauriwa kwanza. Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa kwa ajili ya migodi, na ahadi zote mbili zikaondolewa. Maneno yaliyoitoa ahadi na maneno yaliyoiondoa yaliandikwa kwa Kiingereza. Sioni tafsiri bora ya kiu ile ya wazee wetu kuliko hii: walitaka wana wao waweze kuisoma karatasi kabla haijawa amri.

Na kiu hiyo ilitulizwaje darasani? Somo lililofaulu lilikuwa fupi na lenye upole. Mwalimu aliushika mlango akautaja, akaufungua na kukitaja kitendo, kisha akamwita mtoto aufunge, na darasa zima likatamka alichokuwa akikitenda mwenzao papo hapo alipokitenda. Maneno mapya yaliingizwa machache machache, yakarudiwa mpaka yakazoeleka. Ulimi ulihitaji subira ya pekee, kwa maana katika lahaja nyingi za Kiluhya sauti b, d na g, zitamkwavyo na Waingereza, hutokea baada ya sauti za puani tu, kama katika mb na nd. Basi mtoto aliyetaka kusema kwamba ng'ombe ni mkubwa (big) alijikuta amesema kwamba ng'ombe ni nguruwe (pig). Mwalimu mwema hakumcheka. Alimwekea kiganja mbele ya midomo ahisi pumzi ya sauti moja na ya nyingine.

Lakini palikuwa na njia ya pili, nayo yanihuzunisha hata sasa. Katika shule nyingi za Kenya kipande cha mbao kilitungwa kamba, akavishwa shingoni yule aliyesikika akisema lugha ya kwao, naye hakuweza kukivua ila kwa kumvizia mwenziwe. Jioni kibao kilifuatwa nyayo kutoka shingo hadi shingo, na wote waliokivaa wakachapwa. Kwa njia hiyo mtoto alijifunza kunyamaza, na anyamazaye hajifunzi lugha yoyote.

Tume ya Profesa Simeon Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na mtindo mpya wa michezo, nyimbo na vitendo, uliokuwa umeanza kujaribiwa Nairobi mwaka 1957, ukaenezwa kwa haraka kupita idadi ya walimu waliokuwa wameandaliwa kwa ajili yake. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 serikali, kwa msaada wa Marekani, ilijaribu dawa ya upungufu huo katika shule za mashambani za wilaya kadhaa: somo la redio la nusu saa kila siku kwa madarasa matatu ya kwanza, ambamo sauti iliuliza, ikanyamaza kidogo, na watoto wakajibu kwa pamoja. Walipopimwa, walionekana kuwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 na mitaala yake mipya, na masomo yale hayakuenezwa nchini kote. Lesotho iliyachukua ikayarekebisha kwa watoto wake, na sisi tuliokuwa wa kwanza kuyasikia tukayaacha bila ya kuwa yameshindwa.