Anasema "niko fresh", mwili unasema kingine

Mtu kafiwa au kadhulumiwa shamba, lakini ukimuuliza hali anajibu "niko fresh tu". Ukimtazama vizuri, taya limebana, mabega yamepanda karibu na masikio, pumzi inaishia kifuani. Kiswahili kina neno moja la tabia hiyo: kujikaza. Ni neno la misuli kabla halijawa neno la moyo.

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kortisoli. Moyo unakwenda mbio, misuli inajiandaa kupigana au kukimbia, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Hatari ikipita, mwili hutulia. Tatizo ni kwa mtu aliyezoeshwa tangu mdogo kwamba kulia ni aibu na kuomba msaada ni udhaifu. Uso wake unatulia, ila ndani mashine bado inawaka.

Mwaka 1993, watafiti James Gross na Robert Levenson wa Marekani waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza, baadhi wakiagizwa wasionyeshe hisia yoyote. Usoni waliweza kweli. Lakini vipimo vilionyesha jasho la mikono likiongezeka na mishipa ya vidole ikibana kuliko kwa wale walioachwa huru.

Munisagara, kituo cha Reli ya Kati kwenye bonde la mto Mkondoa wilayani Kilosa, ni mahali ambapo jambo hili linaeleweka haraka. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalizoa nyumba Kilosa, yakaharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Aliyenusurika usiku kama ule anaweza kusema ameshasahau. Halafu mvua kubwa inaanza kupiga bati, moyo unadunda, tumbo linasokota. Hajaamua kuogopa; mwili ndo umekumbuka kabla yake.

Hapo ndipo watu wengi wanapotea njia. Kichwa kuuma, uchovu, viungo kuuma, usingizi kukata: dalili hizo zinafanana na malaria, na bonde hilo malaria ipo kweli. Kwa hiyo mtu anameza dawa ya mseto bila kupima, kisha diklofenaki wiki nzima kwa ajili ya mgongo. Diklofenaki ikitumika ovyo inaweza kuchubua tumbo hadi vidonda, na sasa ana magonjwa mawili badala ya moja. Kupima kwanza ni muhimu pande zote mbili, maana kuna wanaoambiwa "ni mawazo tu" kumbe wana presha, kisukari au upungufu wa damu.

Je, mwili unaonyesha tabia ya mtu? Wilhelm Reich, daktari wa Austria, aliandika mwaka 1933 kwamba tabia hujengeka kama silaha ya kujikinga, na baadaye akadai silaha hiyo inakaa kwenye misuli. Wazo la misuli kukaza lina ukweli. Ila anayekwambia bega la kushoto ni hasira na goti ni ukaidi anabahatisha.

Na si kwamba mwili hujikinga kwa kukaza peke yake. Januari 30, 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka bila kujizuia. Kicheko na kilio vikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi 18. Madaktari Rankin na Philip walichunguza, hawakupata sumu wala vimelea. Wasichana hawakuwa wanaigiza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni msongo uliokosa mlango wa kutokea.

Kwa anayejihisi amekaza, pumzi ndefu ya kutoa kuliko ya kuingiza hupunguza mbio za moyo kwa dakika chache. Kutembea kunasaidia, kulia pia. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani yasisubiri: ni hospitali moja kwa moja. Kilosa mjini ipo hospitali ya wilaya, Mikumi ipo St. Kizito. Na ukifika kwa daktari, usitaje maumivu tu. Mwambie yalianza lini, na wakati huo nyumbani kulikuwa na nini.