Mstari wa Kadi na Watoto Waliouchora

Katika miji ya mwambao, kabla haijazuka desturi ya kupima mwili wa mtoto mchanga, zilipimwa nywele zake. Siku ya saba, au ya arobaini kwa aila nyingine, mtoto alinyolewa, nywele zikatiwa katika mizani, na fedha ya uzito ule ule ikatolewa sadaka kwa mafakiri. Ama mwili wenyewe, hakuna aliyeutia mizanini, na mgeni aliyethubutu kusema kwamba mtoto amenenepa bila ya kutanguliza mashallah alitazamwa kwa jicho la shaka. Natangulia na habari hii kwa sababu mama wa leo, atokapo kliniki na kadi mkononi, akiulizwa na jirani ni nini kilichomhuzunisha, hujibu kwamba mtoto ameshuka mstari. Na neno hilo, ambalo bibi yake asingalilifahamu hata kidogo, lina nasaba ndefu iliyopita katika nyumba za watu ambao hawakuwa na habari yetu.

Mwanzo wa nasaba hiyo ni Ufaransa, ambako Philibert Guéneau de Montbeillard, msuhuba wa mwanazuoni Buffon, alijaaliwa mwana mwaka 1759, akawa akimpima kimo takriban kila miezi sita hata kijana alipotimu miaka kumi na minane. Buffon alizitia hesabu zile katika kitabu chake kikubwa cha maumbile, nazo zikakaa humo kama safu za tarakimu tu, hata mwaka 1927 Richard Scammon wa Marekani alipozigeuza kuwa mstari uliochorwa. Hapa yafaa kusimama kidogo. Mstari ule ni wa mtu mmoja: ulipanda kwa haraka alipokua kwa haraka, ukapungua kasi mwili wake ulipopunguza kasi, na kila nukta yake ni siku ambayo baba alimwita mwanawe aje asimame wima. Mistari iliyomo katika kadi ya kliniki haikupatikana hivyo, na wengi wa wanaohuzunika kwa ajili yake hawajapata kuambiwa.

Mistari ya kadi imezaliwa na umati. Mwaka 1884, katika Maonyesho ya Afya yaliyofanyika London, Francis Galton, mtu ambaye fikira zake nyingine juu ya nasaba za wanadamu zimeleta balaa kubwa ulimwenguni, alifungua chumba cha vipimo, na watu 9,337 wakaingia kupimwa, kila mmoja akilipa peni tatu kwa fadhila hiyo. Katika kushughulika na umati wa namna hii ndipo alipoiweka wazi hesabu ya pasentaili, yaani daraja ya mtu katika mia. Tuwapange watoto mia wa umri mmoja na jinsia moja, mwepesi kabisa mbele na mzito kabisa nyuma. Anayesimama karibu na nafasi ya ishirini ana wenziwe kama ishirini walio wepesi kuliko yeye, na wengine themanini hivi walio wazito zaidi, na huo ndio ukomo wa maana yake. Mtoto wa pasentaili ya ishirini hakupata alama ishirini katika mtihani, ingawa nimewasikia wazazi wasomi, tena walimu, wakiisoma hivyo.

Huko Boston, Henry Bowditch alikuwa amekwisha kukusanya vipimo vya wanafunzi zaidi ya 24,000 katika miaka ya 1870, na mwaka 1891 akavipanga upya kwa hesabu ya Galton, akatoa mistari ya kukua kwa madaraja, babu ya hii tuliyo nayo. Lakini umati wa Boston ulipimwa kwa pamoja, si mtoto kufuatwa mwaka hadi mwaka kama yule wa Ufaransa. Yaani mtoto wa miaka sita aliyeshikilia nafasi ya hamsini na yule wa miaka saba aliyeishikilia nafasi hiyo hiyo walikuwa watoto wawili mbalimbali, na mchoraji akaunganisha nafasi zao kwa wino. Mstari ulionyooka kwa utulivu mkubwa kiasi kile haukuwa njia aliyoipita mtoto yeyote.

Watoto wachanga waliingia katika habari hii kwa mlango wa maziwa. Mwaka 1892, katika hospitali ya Charité mjini Paris, Pierre Budin aliwaagiza mama waliojifungua wawarudishe watoto wao kupimwa uzito mara kwa mara, na mwaka 1894 Léon Dufour akafungua huko Fécamp nyumba ya kugawa maziwa safi, iliyoitwa Tone la Maziwa, ambayo iliigwa katika nchi nyingi. Mizani tangu hapo ikawa rafiki wa daktari na, kwa mama wengine, hakimu.

Sasa, ikiwa mstari ni safu ya wengine, mtoto akihama kutoka nafasi moja kwenda nyingine kuna nini? Jawabu moja lilitoka kwa farasi. Mwaka 1938 Walton na Hammond, wataalamu wa Cambridge, walichanganya mbegu za farasi wakubwa wa mizigo waitwao Shire na za wale wadogo wa Shetland, mara baba akiwa mkubwa na mama mdogo, mara kinyume chake. Mtoto aliyebebwa na jike mdogo alizaliwa mdogo, na aliyebebwa na jike mkubwa alizaliwa na uzito wa takriban mara tatu ya mwenziwe, ilhali urithi wao ulikuwa sawa. Kumbe tumbo la mama lina sheria yake, na ukubwa wa siku ya kuzaliwa ni ukubwa wa chumba kabla haujawa ukubwa wa mpangaji. Kwa wanadamu jambo hili lilipata ushahidi mwaka 1976, David Smith na wenziwe wa Marekani walipoonyesha kwamba takriban thuluthi mbili ya watoto wazima wa afya huhama mistari ya urefu katika mwaka wa kwanza na nusu: aliyezaliwa mkubwa kwa wazazi wafupi hushuka pole pole, aliyezaliwa mdogo kwa wazazi warefu hupanda, kila mmoja akitafuta nafasi ya aila yake, na akiisha kuipata hutulia nayo.

Kuna mshuko mwingine usio wa namna hiyo. Mwaka 1963 Prader, Tanner na von Harnack walieleza jinsi mtoto aliyerudishwa nyuma na maradhi au njaa, sababu ikiondoshwa, hukua kwa kasi ipitayo ya wenzi wake hata aukaribie mstari wake wa zamani, kisha kasi hupungua kama iliyotiwa hatamu. Basi muuguzi mwenye uzoefu huuliza kwanza mtoto ameshuka tangu lini, kwa kiasi gani, na je, alikuwa na homa au ameachishwa ziwa. Na nukta moja pekee haimwambii neno. Huko Imesi, kijiji cha Nigeria, David Morley alilifahamu hili mwishoni mwa miaka ya 1950, akabuni kadi iliyokaa nyumbani kwa mama, ndani ya mfuko wa plastiki, nayo iliandikwa surua na maradhi mengine pembeni mwa nukta za uzito, ili sababu na matokeo visomwe pamoja. Kadi zetu za Afrika Mashariki ni wajukuu wa ile. Wenyeji wa Iringa waliokuwa wazazi katika miaka ya 1980 watakumbuka siku za afya za kijiji, katika mpango ulioanza na vijiji 168, watoto wakining'inizwa mmoja mmoja katika mizani ya springi ndani ya suruali ya kitambaa, wakipiga mayowe, na matokeo yakipelekwa mbele ya baraza la kijiji kama mambo ya shamba na maji.

Lakini mizani ya Iringa iliwapima watoto wale kwa safu ya nani? Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekubali mwaka 1978 mistari ya Marekani ambayo, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, ilitokana na utafiti wa Fels ulioanzishwa mwaka 1929 huko Yellow Springs, Ohio: watoto wa Kizungu wa aila za hali ya kati, wengi wao wa chupa. Mtoto wa ziwa hunenepa kwa haraka miezi miwili mitatu ya kwanza, kisha hupunguza kasi. Akiwekwa karibu na mtoto wa chupa huonekana ameshuka, na mama wasio na idadi waliambiwa maziwa yao hayatoshi, wakaanzisha uji au kopo kabla ya wakati. Fauka ya hayo, karatasi ile iliungwa katika umri wa miaka miwili kutoka vipimo viwili mbalimbali, mtoto akilazwa kabla ya hapo na kusimamishwa baadaye, hata siku ya kutimu miaka miwili ilikuwa na kishindo chake kisichotokana na mtoto.

Kati ya 1997 na 2003 safu mpya ilipangwa, ya watoto wapatao 8,440 wa Pelotas, Accra, Delhi, Oslo, Davis ya California na Maskati, walionyonyeshwa, na mama zao hawakuvuta sigara. Ilipopimwa tofauti ya urefu, ile iliyokuwa baina ya miji ilikuwa takriban asilimia 3 tu, ilhali baina ya watoto wa mji mmoja ilikuwa asilimia 70. Mistari hiyo ikatolewa mwezi wa Aprili 2006, na hivyo mtoto wa Tanga ana mwenziwe katika safu kutoka Maskati, mji ambao nyumba zake si chache zingali zinasema Kiswahili. Kadi zilipobadilishwa, watoto wengi wa ziwa waliohesabiwa kuwa wameshuka mwezi wa nne au wa tano walionekana wamo njiani, na wa chupa waliokuwa fahari ya kliniki walionekana wanapanda kupita kiasi. Wauguzi wakafundishwa upya, na kadi za zamani zimebaki katika masanduku ya mama, chini ya kanga.