Simu inapogeuka kadi ya benki: malipo ya kugusisha dukani

MTEJA anafika kwa keshia akiwa na mkate, maziwa na dawa ya meno. Anaisogeza simu yake karibu na mashine ndogo iliyo juu ya kaunta, mashine inalia mara moja na risiti inatoka. Hakuandika namba yoyote, hakusubiri ujumbe mfupi, wala hakutoa noti.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi tukio hilo laweza kuonekana si geni, kwa kuwa kulipa kwa simu tumekwisha kukuzoea. Hata hivyo, hayo ni malipo ya aina nyingine kabisa. Sisi hutuma fedha kutoka akaunti moja ya simu kwenda nyingine kupitia mtandao wa kampuni ya simu. Katika malipo ya kugusisha, simu hujifanya kadi ya benki, na mara nyingi huweza kukamilisha kazi hiyo hata pale ambapo haina salio wala mtandao, kwa sababu anayewasiliana na benki ni mashine ya dukani.

Teknolojia inayotumika hujulikana kwa kifupi cha NFC, yaani mawasiliano ya umbali mfupi sana. Kampuni za Sony ya Japani na Philips ya Uholanzi zilikubaliana kuiendeleza mwaka 2002, na mwaka 2004 kampuni hizo pamoja na Nokia ya Finland ziliunda umoja wa kuisimamia. Mashine ya dukani hutoa mawimbi ya megahezi 13.56, na simu ikifikishwa umbali wa sentimita nne hivi, chipu iliyo ndani yake huamka na kujibu. Ufupi wa umbali huo haukutokea kwa bahati mbaya. Ulikusudiwa, ili mtu anayepita tu mbele ya kaunta asijikute amelipia mzigo wa mwenzake.

Jambo ambalo wateja wengi hawalifahamu ni kwamba namba halisi ya kadi yao haifiki dukani. Mtu anapoisajili kadi katika simu, benki au mtandao wa kadi humpa namba ya badala, ambayo wataalamu huiita tokeni. Namba hiyo hufungamanishwa na simu ile moja tu. Kila anapolipa, simu hutengeneza pia msimbo wa siri unaotumika mara moja na kufa papo hapo. Mwizi akifanikiwa kuingia katika kompyuta za duka na kuiba kumbukumbu zote za siku hiyo, atakuwa ameiba namba zisizomfaa kununulia hata pipi.

Umuhimu wa hilo ulionekana wazi nchini Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2013 wahalifu waliingia katika mfumo wa maduka ya Target na kuiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Mwaka uliofuata maduka ya vifaa vya ujenzi ya Home Depot yalipatwa na mkasa kama huo, safari hii kadi zikiwa milioni 56. Wenye kadi hizo walikuwa wamefanya kosa gani? Hakuna. Walikuwa wamenunua bidhaa tu kwa kupitisha kadi zenye utepe wa sumaku, ambao hutoa namba ileile kila unaposomwa.

Lakini chimbuko la malipo haya katika maisha ya kila siku si Marekani, ni Asia. Hong Kong ilianza kutumia kadi ya kugusisha iitwayo Octopus mwaka 1997, kwanza katika usafiri na baadaye madukani. Japani ilifuata Novemba 2001, pale shirika la reli la JR East lilipoanzisha kadi ya Suica. Kadi zote mbili zilitumia chipu ya FeliCa ya kampuni ya Sony, na sharti kubwa la reli lilikuwa kasi. Katika vituo vya Tokyo, ambako abiria hupita kama maji ya mto, lango moja lilitakiwa kuweza kupitisha watu 60 kwa dakika, hivyo kadi ilipaswa kusomwa na kukubaliwa kwa muda usiozidi sehemu mbili za kumi za sekunde.

Julai 2004 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo iliichukua chipu hiyo na kuiweka ndani ya simu za mkononi. Huduma hiyo iliitwa Osaifu-Keitai, maana yake simu iliyo pochi. Januari 2006 tiketi ya Suica nayo ikaingia katika simu. Tangu hapo mfanyakazi wa Tokyo aliweza kupita lango la treni asubuhi, kununua chai katika duka dogo la jirani na kuchukua kinywaji katika mashine ya barabarani, yote kwa simu moja. Ni vyema ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa zaidi ya miaka minane kabla ya kampuni ya Apple kuzindua huduma yake ya Apple Pay Oktoba 2014.

Pamoja na hayo, Japani ilibaki kuwa nchi ya watu wanaopenda fedha taslimu, na ilibidi Serikali yenyewe iingilie kati. Ilipopandisha kodi ya matumizi kutoka asilimia 8 hadi 10 Oktoba 2019, iliwarudishia sehemu ya fedha wateja waliolipa bila noti katika maduka madogo, mpango uliodumu hadi Juni 2020. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakazi wa kisiwa cha Hokkaido walikuwa wameonja upande wa pili wa shilingi. Septemba 2018 tetemeko la ardhi lilizima umeme kisiwa kizima. Mashine za malipo zikazimika, na mwenye noti mfukoni ndiye aliyerudi nyumbani na chakula.

Nchini Marekani historia yake ni ya ugomvi, na ugomvi wenyewe ulihusu swali moja: nani amiliki chipu?

Google ilizindua pochi yake ya simu Septemba 2011. Miezi mitatu baadaye kampuni ya simu ya Verizon iliizuia pochi hiyo katika simu mpya ya Galaxy Nexus. Verizon, AT&T na T-Mobile zilikuwa tayari zimeungana tangu mwaka 2010 kutengeneza pochi yao wenyewe, ambayo ingehifadhi siri za mteja katika laini ya simu, mahali ambapo wao ndio wenye ufunguo. Pochi hiyo waliiita Isis. Jina hilo likaja kuwa balaa pale kundi la wapiganaji la Syria na Iraq lilipoanza kuitwa vivyo hivyo, na Septemba 2014 wakalibadili kuwa Softcard. Haikufika mbali. Mwaka 2015 Google ilinunua teknolojia yake na huduma ikafungwa.

Wenye maduka nao walikuwa na malalamiko yao, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hawakukosa hoja. Kila kadi inapotumika, duka hukatwa ada inayogawanywa kati ya benki na mtandao wa kadi, na nchini Marekani ada hiyo huzunguka asilimia mbili ya bei. Kwa duka la vyakula ambalo faida yake ni ndogo, asilimia mbili si jambo la mzaha. Simu ya kugusisha haiondoi ada hiyo. Inairahisishia njia tu.

Kwa sababu hiyo Walmart, Target, CVS na wenzao waliunda umoja mwaka 2012 ili watengeneze mfumo wao, CurrentC, ambao ungechukua fedha moja kwa moja katika akaunti ya benki ya mteja kwa kutumia msimbo wa QR. Wiki moja tu baada ya Apple Pay kuanza, maduka ya dawa ya CVS na Rite Aid yalizima uwezo wa mashine zao kupokea malipo ya kugusisha. Wateja waliokuwa wamelipa vizuri siku chache zilizopita walifika na simu zao wakakuta mashine imekuwa kiziwi. CurrentC yenyewe iliibiwa anwani za baruapepe za baadhi ya wateja ikiwa bado katika majaribio, na mwaka 2016 ikafa. Rite Aid ilirudisha malipo ya kugusisha mwaka 2015, CVS mwaka 2018, na Target ikakubali mwaka 2019. Walmart ilikwenda njia yake, ikaanzisha Desemba 2015 malipo ya msimbo wa QR ndani ya programu yake yenyewe.

Kilichosaidia zaidi kueneza mashine zenyewe hakikuwa simu. Oktoba 2015 mitandao ya kadi ilibadili kanuni nchini humo, ikaamua kwamba duka lisilo na mashine ya kusoma kadi za chipu ndilo litakalobeba hasara ya kadi za kughushi. Maduka yakakimbilia kununua mashine mpya, na nyingi kati ya hizo zilikuja na uwezo wa kupokea malipo ya kugusisha.

Suala la ufunguo wa chipu lilihamia Ulaya baadaye. Kwa miaka kumi Apple haikuruhusu benki wala kampuni nyingine kuitumia chipu ya iPhone kwa malipo ya dukani. Julai 2024 Tume ya Ulaya ilikubali ahadi ya Apple ya kuwafungulia wengine kwa miaka kumi, na Desemba mwaka huohuo huduma ya Vipps ya Norway ikaanza kutumiwa kwa kugusisha iPhone madukani.

Je, usalama wake ukoje? Kwa ujumla ni mzuri kuliko wa kadi ya plastiki, maana simu hudai alama ya kidole, sura au namba ya siri kabla ya kulipa, ilhali kadi ya kugusisha ikiokotwa hutumika bila swali hadi kikomo kilichowekwa. Nchini Uingereza kikomo hicho kilianzia pauni 10 mwaka 2007, kikapanda hatua kwa hatua hadi pauni 45 Aprili 2020 wakati wa janga la korona, na pauni 100 Oktoba 2021.

Hata hivyo, hakuna kufuli lisilo na mwanya. Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham na Surrey walionyesha kwamba iPhone iliyofungwa ingeweza kulipishwa pauni 1,000 iwapo kadi ya Visa ilikuwa imewekwa katika hali ya usafiri wa haraka, ile inayomruhusu abiria kupita lango la treni bila kufungua simu. Hatari iliyo karibu zaidi na maisha ya watu ni ya kizamani: mwizi husimama nyuma yako, hutazama namba unayobonyeza, kisha hukupokonya simu. Baada ya visa vya namna hiyo kuripotiwa sana Marekani, Januari 2024 Apple iliongeza kinga inayozuia mabadiliko makubwa ya akaunti kufanywa kwa namba ya siri pekee simu inapokuwa mbali na maeneo yake ya kawaida.

Aliyepoteza simu anaweza kuisimamisha pochi yake kwa kutumia kompyuta au simu nyingine, au kuipigia benki simu. Kwa kuwa kilichokuwa ndani ni namba ya badala, benki huifuta hiyo peke yake na kadi iliyo nyumbani ikaendelea kufanya kazi. Kuna kero ndogo pia wakati wa kurudisha bidhaa. Keshia akiuliza tarakimu nne za mwisho za kadi, zinazotakiwa mara nyingi ni za namba ya badala iliyoandikwa kwenye risiti, si zile za plastiki. Mteja asiyelijua hilo hubishana na keshia huku foleni ikinung'unika.

Kuna wale ambao mfumo huu huwaacha nje kabisa, yaani wasio na akaunti ya benki, wazee na wenye simu za kawaida. Baadhi ya maduka ya Marekani yalipoanza kukataa noti, jiji la Philadelphia lilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuyalazimisha kuzipokea. San Francisco ilifanya hivyo mwaka huohuo, na New York mwaka 2020.

Katika ukanda wetu, kugusisha kumejaribiwa. Mwaka 2013 Google na Benki ya Equity zilianzisha jijini Nairobi kadi ya nauli ya BebaPay, ambayo kondakta wa matatu aliisoma kwa simu yake. Wahudumu wa matatu waling'ang'ania noti, na mwaka 2015 huduma ikafungwa. Mwaka 2017 Safaricom ilianza majaribio mjini Nakuru ya M-Pesa ya kugusisha kwa kadi, bangili au kibandiko cha kubandika nyuma ya simu.

Ushindani wake ulikuwa mgumu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikitumia simu yoyote ile, hata ya tochi. Mpokeaji hahitaji mashine, umeme wa kuiendesha wala mkataba wa kadi na benki. Mei 2023 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kiwango kimoja cha msimbo wa QR kwa watoa huduma wote, ambao nao huweza kuchapishwa kwenye karatasi. Bei ya urahisi huo hulipwa na mteja mwenyewe: hubonyeza namba ya duka, kiasi na namba ya siri, kisha husimama mbele ya kaunta akisubiri ujumbe, na siku mtandao ukiwa mzito, mwandishi huyu ameona watu wakiuacha mkate juu ya kaunta na kuondoka. Mama wa genge, kwa upande wake, ameandika lipa namba yake kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi na kukitundika juu ya nyanya.