Faida ni Haki ya Nani? Dhamana, Hatari na Ushirika tangu Zama za Qiradhi hadi Kampuni za Leo

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyefanya biashara kabla ya kupewa Utume na akajulikana kwa uaminifu, pamoja na Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Limekuwa jambo la kawaida katika miji yetu mtu kumpa ndugu yake shilingi milioni 5 za kufanyia biashara, wakapatana kuwa kila mwezi mwenye mali atapewa laki 2, na mtaji wenyewe ubaki salama mpaka utakapotakiwa. Mapatano hayo huitwa mudharaba. Wakiambiwa kuwa hiyo si mudharaba bali ni riba, hujibu kwamba wao si benki, ni wafanyabiashara, na wameridhiana.

Ndugu zetu Waislamu, jibu hilo halitoshi, kwa sababu halijagusa swali lenyewe. Swali ni hili: mtu hustahiki faida kwa sababu gani? Je, ni kwa kuwa ana mali, au kwa kuwa amefanya kazi, au kwa kuwa amekubali kubeba hasara ikitokea? Mafakihi wetu walilishughulikia swali hili tangu karne za mwanzo za Hijria. Wanauchumi wa Ulaya na Marekani nao walilifikia baadaye kwa njia yao. Katika makala hii tutazifuata njia zote mbili kwa ufupi, ili tuone zinapokutana na zinapoachana.

HUKUMU YA SAYYIDNA UMAR (R.A.)

Imamu Malik bin Anas, aliyefariki mwaka 179 H (795 M), ametaja katika Muwatta, kwenye mlango wa Qiradhi, kisa cha watoto wawili wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), nao ni Abdullah na Ubaydullah. Walikuwa wakirejea Madina kutoka katika jeshi la Iraq. Walipofika Basra, gavana wake, Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), alitaka kuwafaa. Alikuwa na mali ya Baitul Mal ya kupelekwa kwa Khalifa, basi akawakopesha wao wanunue bidhaa za Iraq, wakaziuze Madina, kisha mtaji wamkabidhi baba yao na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, wakapata faida.

Umar (R.A.) akawauliza kama kila askari alikopeshwa kama walivyokopeshwa wao. Wakasema hapana. Akatambua kuwa wamependelewa kwa ajili ya cheo cha baba yao, akawaamuru warejeshe mtaji pamoja na faida yote. Abdullah akanyamaza. Ubaydullah akatoa hoja kwamba lau mali ile ingalipotea au kupungua, wao ndio wangaliilipa. Umar akakariri amri yake, na Ubaydullah akakariri hoja yake. Ndipo mmoja wa waliokuwa wamekaa hapo akashauri mali ile ifanywe qiradhi. Umar akaridhia, akachukua mtaji na nusu ya faida, na vijana wakachukua nusu iliyobaki.

Tukizingatia kisa hiki tutaona hoja nzito pande zote. Umar (R.A.) alitazama uadilifu: mali ya umma isiwe ngazi ya watoto wa watawala. Ubaydullah alitazama dhamana: mwenye kubeba hasara ndiye mwenye haki ya faida. Umar hakuitupa hoja hiyo, kwani mwisho aliwapa sehemu. Suluhisho lilikuwa kugawana faida iliyokwisha kupatikana. Hakuna aliyependekeza kwamba Baitul Mal ipewe kiasi maalumu juu ya mtaji wake.

QIRADHI NA SABABU TATU ZA FAIDA

Muamala huu ni wa kale kuliko Uislamu. Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.) alikuwa akiwapa watu mali yake wakaifanyie biashara, na Mtume (S.A.W.) alisafiri na bidhaa zake hadi Sham, akifuatana na mtumishi wake Maysara. Watu wa Hijazi waliuita qiradhi, na watu wa Iraq waliuita mudharaba, kutokana na kusafiri katika ardhi kutafuta riziki, jambo lililotajwa katika Suratul Muzzammil, aya ya 20. Ibn Hazm (aliyefariki 456 H / 1064 M) alieleza kuwa hakuona andiko maalumu la Qur'an wala Sunna juu ya qiradhi, bali ijmai sahihi, na kwamba ilikuwepo zama za Mtume (S.A.W.), naye akaijua na kuikubali.

Kwa nini Sharia iliikubali? Imamu as-Sarakhsi wa madhehebu ya Hanafi, wa karne ya 5 H, alitaja sababu iliyo wazi: mwenye mali huenda hajui biashara, na mjuzi wa biashara huenda hana mali. Wakiachwa mbalimbali, mali hulala na ujuzi hupotea.

Al-Kasani, naye ni Hanafi (aliyefariki 587 H / 1191 M), aliweka kanuni ambayo kila mwanafunzi angefaa kuihifadhi. Faida hustahikiwa kwa moja ya mambo matatu: mali, kazi, au dhamana. Mwenye mtaji hupata kwa mali yake, mudharib hupata kwa kazi yake, na fundi aliyeahidi kazi kisha akampa mwenzake aifanye kwa ujira mdogo zaidi, hupata ziada kwa kuwa yeye ndiye mdhamini wa kazi hiyo kwa mteja. Hanafi na Hanbali waliitumia kanuni ya dhamana hata katika sharikatul wujuh, yaani ushirika wa watu wasio na mtaji, wanaonunua kwa mkopo kwa heshima zao na kuuza. Maliki na Shafi'i hawakuikubali sura hiyo.

Na isidhaniwe kuwa mali peke yake, bila dhamana, inatosha. Kanuni iliyotokana na Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), inayojulikana kwa jina la al-kharaju bidh-dhamani, inafunga manufaa na dhamana pamoja. Katika Hadithi nyingine Mtume (S.A.W.) amekataza faida ya kitu ambacho mtu hajakibebea dhamana. Ndiyo maana katika mudharaba hasara ya mtaji ni ya mwenye mali, na mfanyaji kazi hupoteza jasho lake. Mudharib halipi mtaji uliopotea ila akivuka mipaka au akizembea. Na faida lazima igawanywe kwa sehemu inayojulikana, kama nusu au thuluthi. Wakisharutisha kiasi maalumu cha fedha, mkataba umeharibika.

GHARAR, KAMARI NA HATARI YA BIASHARA

Hapa hujitokeza mushkili. Sharia imekataza gharar, yaani mauzo yenye mashaka makubwa, nayo ni Hadithi sahihi katika Muslim. Mudharib hajui atapata nini, wala hajui kama atapata. Vipi basi mkataba huu uruhusiwe? Ibn Rushd (aliyefariki 595 H / 1198 M) alieleza katika Bidayatul Mujtahid kwamba qiradhi imetolewa katika hukumu ya ijara isiyojulikana ujira wake, kwa rukhsa na kwa haja ya watu. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H / 1328 M) hakuridhika na maelezo ya namna hii. Kwake, mudharaba haimo katika jinsi ya ijara hata ihitaji kutolewa humo. Ni jinsi ya ushirika. Katika ijara, kazi na ujira vyote hutakiwa vijulikane. Katika ushirika, wawili hushirikiana katika kile Allah atakachoruzuku, na uadilifu wake ni kuwa pamoja katika kupata na katika kukosa.

Mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H / 1350 M) alipambanua hatari za aina mbili. Moja ni ya mfanyabiashara anayenunua bidhaa ili aiuze kwa faida, akimtegemea Allah. Nyingine ni ya kamari, ambayo ni kula mali za watu kwa batili. Kwa hiyo kutojulikana kwa kesho si haramu kwa dhati yake. Mkulima na mvuvi pia hawajui kesho yao.

Ibn Khaldun (732–808 H / 1332–1406 M) aliongeza katika Muqaddima kwamba bidhaa zinazoletwa kutoka mbali kwa njia ya hatari huwa chache, na uchache huo huleta faida. Alitoa mfano wa wafanyabiashara waliovuka jangwa kwenda nchi za Sudan, kwamba wao walikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa.

WANAUCHUMI WA ULAYA NA MAREKANI

Karibu karne 4 baadaye, Richard Cantillon, mzaliwa wa Ireland aliyeishi Paris na kufariki mwaka 1734, aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1755. Humo alimweleza mjasiriamali kuwa ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Jean-Baptiste Say wa Ufaransa, mwaka 1803, alisisitiza kazi yake ya kukusanya na kupanga ardhi, nguvu kazi na mtaji. Joseph Schumpeter wa Austria, mwaka 1911, alisema mjasiriamali ni mleta jambo jipya, na kwamba hatari ya hasara humwangukia mwenye mtaji. Katika hili la mwisho yuko karibu na mudharaba kuliko wengi wa wenzake.

Aliyeingia ndani zaidi ni Frank Knight wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1921. Alitofautisha mambo mawili. Kuna hatari inayohesabika, kama ile ambayo mtu hujua kwa uzoefu kuwa katika chupa kadhaa moja itavunjika, na hiyo huingizwa katika gharama. Na kuna mashaka yasiyohesabika, ambayo hayana mfano wa kupimia. Faida ya kweli, akasema, hutokana na haya ya pili. Katika kampuni, yule jasiri huwahakikishia wengine kipato maalumu, naye hubaki na kinachozidi au kinachopungua.

Maneno haya yanafanana na mpaka walioweka mafakihi baina ya ujira unaojulikana na faida isiyojulikana. Lakini hapa ndipo njia zinapoachana. Kwa Knight, kipato cha kuhakikishiwa ni halali kwa mfanyakazi, kwa mwenye jengo na kwa mkopeshaji fedha sawasawa. Kwa Sharia, mfanyakazi ahakikishiwe ujira wake, na mwenye jengo ahakikishiwe kodi yake, kwani jengo ni lake na likiungua bila kosa la mpangaji hasara ni yake. Fedha haikodishwi. Anayeitoa achague: ama ni mkopo, basi arudishiwe mtaji bila ziada; ama ni ushirika, basi aionje hasara kama anavyotaka kuionja faida.

KWA NINI WATU HUUNDA KAMPUNI

Mwaka 1937 Ronald Coase wa Uingereza aliuliza: ikiwa kila kitu chaweza kununuliwa sokoni, kwa nini kuna kampuni? Jibu lake ni kuwa kutumia soko kuna gharama ya kutafuta, kupatana na kuandikiana mikataba, na kampuni huipunguza. Kwa kazi yake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1991.

Mafakihi nao walijadili mudharib apewe mamlaka kiasi gani. Hanafi waliruhusu aambiwe afanye kwa rai yake, akaweza kuchanganya mali na yake au kumpa mwingine. Imamu an-Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277 M), katika Minhaj wanayoisoma wanafunzi wa madhehebu yetu ya Shafi'i, alibana: qiradhi ni ya biashara tu, na akishurutisha kununua ngano, kuisaga na kuoka mikate, haisihi.

Lazima tukiri pia kwamba mudharaba huvunjika kwa kifo cha mmoja wao. Mwanauchumi Timur Kuran, katika kitabu chake cha mwaka 2011, amedai kuwa jambo hili pamoja na mirathi liliufanya ushirika wa Waislamu kubaki mdogo na wa muda mfupi, wakati Waholanzi mwaka 1602 waliunda kampuni kubwa ya hisa ya biashara ya Mashariki. Hoja hii isipuuzwe. Lakini fiqhi haikufunga mlango. Waqfu na Baitul Mal ni mali zisizokufa kwa kifo cha msimamizi wake. Na mwaka 1992 Baraza la Fiqhi la Kiislamu huko Jeddah lilipitisha kuwa kampuni za hisa zenye shughuli za halali zinajuzu, hata zenye dhamana yenye kikomo, maadamu wanaoamiliana nazo wanalijua hilo.

TURUDI KWENYE LAKI MBILI

Sasa tuipime ile laki 2 ya kila mwezi. Si ujira, kwani mwenye mali hafanyi kazi. Si kodi, kwani fedha haikodishwi. Si malipo ya dhamana, kwani amesharutisha mtaji ubaki salama. Atakayesema kuwa naye yumo hatarini, kwa kuwa mwenziwe anaweza kufilisika, ajue kuwa hiyo ni hatari ya kila mkopeshaji. Duka likiungua deni linabaki shingoni mwa mdaiwa, na hiyo ndiyo dhulma ambayo riba iliharamishwa kwayo.

Tunajua kwa nini watu huikimbilia njia hiyo: wanaogopa kudanganywa katika hesabu. Khofu hiyo ipo hata kwa taasisi. Benki nyingi za Kiislamu duniani hutegemea zaidi murabaha kuliko mudharaba, na benki zilizofunguliwa kwetu, kama Gulf African Bank ya Kenya mwaka 2008 na Amana Bank ya Tanzania mwaka 2011, zimezaliwa katika ulimwengu huo huo. Lakini dawa ya khofu si riba. Dawa yake ni kuandikiana, kama tulivyoamrishwa juu ya madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282. Kutaja sehemu ya faida, si kiasi. Kuweka masharti ya bidhaa na mahali. Kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani. Na kufunga hesabu kwa muda waliopatana, hasara ikifidiwa kwanza na faida iliyotangulia.

Nasaha yetu kwa maimamu ni kwamba wasiishie kutamka haramu. Wakae na wawili hao, wawaandikie mkataba ulio sahihi, kama yule mtu wa baraza la Umar (R.A.) alivyotoa rai iliyowafaa wote. Tunamuomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali na baraka ndani yake.

Wallahu a'lam.