Fuvu Dogo la Tervuren

Teritori ya Yahuma, jimboni Tshopo, iko kusini ya mto Kongo na magharibi ya mto Lomami. Mfuatiliaji wa habari za wanyama akishasikia hivyo tu, anajua ni mnyama gani wa jamii ya sokwe anayeishi humo. Sokwe wa kawaida amebaki ng'ambo ya kaskazini. Ng'ambo hii ni ya bonobo, ambaye porini hapatikani popote duniani nje ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wawindaji wa Yahuma, Djolu na Opala walimjua tangu enzi za mababu. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walimtambua mwaka 1928, tena si msituni. Walimtambua ndani ya kabati la mifupa kwenye makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels.

Kabati hilo lilikuwa tunda la mazoea ya zamani. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, mzungu aliyefika Afrika na bunduki hakurudi mikono mitupu. Mjini London, Rowland Ward, fundi wa kukausha wanyama, alianza mwaka 1892 kuchapisha kitabu cha rekodi za vipimo vya pembe na mafuvu, na matajiri wakashindana majina yao yaingie humo. Mmoja wa wenye mapenzi hayo alikuwa Percy Powell-Cotton. Alijenga jumba la makumbusho nyumbani kwake Kent, Uingereza, mwaka 1896, na miaka kumi baadaye alikuwa akizunguka Ituri pamoja na mkewe, harusi yao ikiwa bado mbichi. Mwaka 1906 simba alimrarua akanusurika, na simba huyo mpaka leo amesimamishwa ndani ya jumba lile. Faru mweupe wa kaskazini alipewa jina la kisayansi kwa heshima ya mtu huyu, mwaka 1908: cottoni. Faru hao waliwahi kula majani hapa Kongo, katika mbuga ya Garamba. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Kenya tarehe 19 Machi 2018, na wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu, kwenye hifadhi ya Ol Pejeta.

Mtu ataniambia wawindaji hawa wa Kizungu walikuwa waharibifu tu, hawana la kusifiwa. Nusu yake nakubali. Lakini habari ya okapi inanizuia kukubali yote. Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda, alipata kwanza vipande vya ngozi yenye mistari, na mwanzoni mwa mwaka 1901 bingwa mmoja wa London, Sclater, akatangaza kwamba huyo ni aina mpya ya punda milia. Mistari ilimdanganya. Kisha Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyetumikia Dola Huru ya Kongo, akampelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Mtaalamu wa wanyama Ray Lankester alipotazama meno, alikuta jino la chonge lililogawanyika, alama ya ukoo wa twiga. Punda milia akafutwa, okapi akapata ukoo wake wa haki. Ngozi huonyesha sura, ila nasaba ya mnyama imeandikwa kwenye meno na mifupa ya kichwa.

Turudi Tervuren. Makumbusho yale yalizaliwa na maonyesho ya mwaka 1897, Kongo ilipokuwa bado mali binafsi ya mfalme Leopold II, na jengo lake kubwa lilifunguliwa mwaka 1910. Maofisa wa serikali, mapadri, madaktari na mabwana shamba walituma huko ndege, samaki, vipepeo na vichwa vya wanyama. Nyuma ya kila sanduku alikuwepo mwindaji Mkongomani aliyejua njia, akaua, akachuna, akabeba. Jina lake halikuandikwa. Kwenye kikaratasi liliingia jina la mzungu, la mahali na tarehe.

Mwaka 1928 Harold Coolidge, kijana wa Marekani kutoka Harvard, alifika Tervuren kupima mafuvu ya gorila. Kwenye trei akaokota fuvu dogo, la mviringo, akadhani ni la mtoto wa sokwe. Alipoligeuza akakuta mifupa yake imekwisha kuungana kabisa, jambo ambalo kwa mtoto haliwezekani. Lililokuwa mkononi mwake ni fuvu la mnyama aliyekomaa mwenye kichwa kidogo. Akatafuta mengine yanayofanana nalo, akayapata, na yote yalikuwa yametoka kusini ya mto Kongo.

Mkurugenzi wa makumbusho, Henri Schouteden, hakuweza kunyamaza. Alimsimulia Ernst Schwarz, mtaalamu Mjerumani aliyepita pale wiki kama mbili baadaye. Schwarz alishika kalamu haraka, na taarifa yake ikatoka mwaka 1929 ikimtaja mnyama huyo kama namna ya sokwe wa kawaida. Coolidge alibaki na uchungu wa kupokonywa tonge mdomoni, lakini mwaka 1933 aliandika uchambuzi mrefu zaidi na kumtenga bonobo kuwa spishi kamili, Pan paniscus. Binafsi nampa Coolidge ushindi. Wa kwanza kuchapisha alitangaza habari. Wa pili ndiye aliyeieleza. Tena baadaye Coolidge alikuwa miongoni mwa waasisi wa shirika la kimataifa la hifadhi ya mazingira, IUCN, mwaka 1948, na kuanzia 1966 hadi 1972 akawa rais wake.

Angalieni kilichomsaidia: maandishi ya kikaratasi. Fuvu lile lingekuwa limetundikwa ukutani kwa mtu, bila kutajwa lilikotoka, lingebaki kuwa fuvu la sokwe mwenye kichwa kidogo basi.

Na kumbukumbu mbovu zina hasara yake. Pale pale Tervuren yalikuwepo mafuvu ya gorila yaliyosemwa kuwa yametoka Bili, huko Uele, mamia ya kilomita mbali na gorila wengine wote. Schouteden aliyapa jina lake la kisayansi mwaka 1927. Mwaka 1970 mtaalamu Colin Groves aliyapima akaona hayana tofauti na ya gorila wa magharibi. Mpiga picha Karl Ammann akaenda Bili mwaka 1996 kuwatafuta gorila hao. Alichorudi nacho kilizua uvumi wa nyani wa ajabu, mpaka vipimo vya vinasaba vilipoonyesha ni sokwe wa kawaida. Miongo mingi ya mabishano.

Ugunduzi wa spishi mpya nao haukuishia enzi za ukoloni. Mwaka 2007, katika teritori jirani ya Opala, watafiti walimwona nyani aliyefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi, mwenye uso kama wa mzee anayewaza. Wenyeji walimwita lesula. Uchunguzi wa vinasaba, rangi na mafuvu ukathibitisha ni spishi mpya, ikatangazwa mwaka 2012 kwa jina Cercopithecus lomamiensis. Safari hii jina la wenyeji lilibaki, na mwaka 2016 Kongo ikatangaza Hifadhi ya Taifa ya Lomami.

Nje ya vyuo, mapenzi ya mafuvu yanazidi kukua. Mjini Oklahoma City, Jay Villemarette, aliyeanza na fuvu la mbwa aliloliokota utotoni, alifungua makumbusho ya mifupa mwaka 2010. Nyama husafishwa na mbawakawa wadogo wanaokula mabaki makavu, kisha mfupa hung'arishwa kwa dawa. Maji ya javeli mafundi wa mifupa wanayakataa kabisa, maana yanaula mfupa hadi unakuwa unga. Kwa fuvu la mbuzi au ng'ombe sioni ubaya wowote.

Kwa wanyama wetu ni habari nyingine. Kongo imo katika CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, tangu mwaka 1976, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda spishi zilizo hatarini. Bonobo yumo katika daraja la juu kabisa la ulinzi. Biashara ya kimataifa ya kichwa chake ni haramu. Mnunuzi wa mapambo huzaa mwindaji. Kuna pia hatari ya ugonjwa: mwaka 2014 Ebola ililipuka eneo la Boende, jimbo la Tshuapa linalopakana na Yahuma, na mgonjwa wa kwanza aliripotiwa kuwa mama aliyechinja mnyama wa porini. Kichwa kibichi cha nyani si kitu cha kuchezea.

Hata hivyo elimu ya mifupa isiachiwe wageni. Chuo Kikuu cha Kisangani kina Kituo cha Ufuatiliaji wa Bioanuwai, ambako panya, popo, samaki na mimea ya Tshopo vinahifadhiwa vikiwa na anwani zao. Ndugu wa Yahuma, ukiwa na fuvu kuukuu juu ya boriti, au ukilikuta msituni, usiliuze. Andika kwa kalamu ya risasi kijiji, kijito, mwezi, mwaka na jina la aliyeliona, kisha uwaulize watu wa mazingira namna ya kulifikisha Kisangani. Na wakuu wa chuo waiombe Tervuren picha na vipimo vya kila fuvu lililotoka jimboni, ili mwanafunzi wa Tshopo amsome bonobo bila kuomba viza ya Ubelgiji.