Wafu wa Ruvuma na Majina Yao

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Ukata katika nchi ya Wamatengo, wilaya ya Mbinga, ambaye kwa miaka mingi sasa ni mwenyeji wa kisiwa chetu, alifiwa na mama yake mwaka 2008. Alikwenda kuzika, akakaa siku za matanga, akarudi kazini. Na kwa kuwa kaburi liko mbali, safari ya siku mbili kwa meli na mabasi, alimfungulia marehemu ukurasa wa kumbukumbu katika intaneti. Aliweka humo picha moja tu, kwani moja ndiyo iliyokuwapo, na tarehe ya kufa bila ya kuzaliwa, na chini yake majina ya wazee wa mama huyo hadi kizazi cha nne. Jamaa waliotawanyika Songea, Dar es Salaam, na hata Ulaya waliandika humo rambirambi na visa vya marehemu ambavyo mwanawe mwenyewe hakuwahi kuvisikia. Baada ya miaka michache kampuni iliyoutunza ukurasa ule ilifunga shughuli zake, na kila kilichoandikwa kikatoweka. Alinijia siku ile akiwa na uso wa mtu aliyetoka makaburini. "Maalim," akaniambia, "picha ninayo. Lakini yale majina ya wazee alinitajia mama mwenyewe, na mimi niliyaandika mle tu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa kimhifadhicho maiti asisahauliwe: mwili wake, kaburi lake, au jina lake. Na jibu nimelitafuta kulekule alikotoka rafiki yangu, katika historia ya Ruvuma na mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa sababu sijui mahali pengine katika nchi yetu ambapo vitu hivyo vitatu vimetenganishwa kwa ukatili namna ile.

Tuanze na mji wa Songea. Vita vya Maji Maji viliwaka katika vilima vya Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na kabla ya mwaka kwisha moto wake ulikuwa umekwishafika Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo watu zaidi ya 60 kwa siku moja: machifu, manduna na wapiganaji, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Walitupwa katika shimo moja. Nduna Songea Mbano aliachwa, kisha akanyongwa peke yake siku chache baadaye na kuzikwa mbali kidogo na wenzake. Kabla ya kitanzi, padri wa Kibenediktini aliwabatiza baadhi ya wafungwa wale, kwa hivyo wako waliokwenda kaburini na majina mapya ambayo wake zao na watoto wao hawakuwahi kuwaita. Jambo hili aghalabu hupitwa haraka vitabuni. Mimi linanisimamisha kila mara, kwani mtu aliyebakiwa na saa moja ya uhai hupewa jina, na jina hilo ndilo linaloingia katika daftari la waliomuua.

Leo hapo pana makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1980, pana sanamu za viongozi, na kila tarehe 27 Februari wazee, wazao wao na watu wa serikali hukusanyika. Majina ya walionyongwa husomwa na hukumbukwa. Mji wenyewe wabeba jina la nduna. Walakin wazao wake wanasadiki kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na kwa miaka mingi wamekuwa wakikidai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana nao, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Si ahadi nyepesi kuitimiza. Katika ghala za Berlin pekee yalikuwamo mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyotoka Afrika ya Mashariki, mengi yakiwa na alama ya mahali tu. Mwaka huohuo wa 2023 ilitangazwa kuwa vipimo vya vinasaba vimewaoanisha baadhi ya wenye mafuvu hayo na jamaa zao walio hai katika nchi ya Wachaga. Songea Mbano hakuwa miongoni mwao. Yeye basi ni mtu mwenye jina, tena jina la mji mzima, asiye na kichwa.

Na kando ya hao wenye majina wako wasiohesabika. Baada ya vita Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na njaa ikafanya kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Serikali ya kikoloni ilikisia waliokufa kuwa 75,000, mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo kati ya makisio mawili ni ya watu waliokuwa na mama zao, na hakuna jiwe la Songea linaloweza kuwachukua. Hapo ndipo sisi wapenzi wa mashairi tunapopaswa kukumbuka kuwa mtu wa Pwani naye hakukaa kimya. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga *Utenzi wa Vita vya Maji-Maji*, ambao W. H. Whiteley aliutoa pamoja na tafsiri yake mwaka 1957. Utenzi, katika desturi yetu, ulikuwa kumbukumbu ya wafu kabla hapajawa na gazeti la kuweka tanzia. Umeghanwa barazani, umehifadhiwa kichwani, na aliyeuhifadhi amefungwa kuwataja waliomo. Lakini utenzi nao una kipimo chake. Huwataja wakuu na mashujaa. Mwanamke wa Ungoni aliyekufa njaa mwaka 1907 na mwanawe mgongoni hana ubeti.

Wamatengo, jirani zao wa milimani, walikuwa na njia nyingine, na mimi naiona kuwa ya busara sana. Ardhi yao hugawika kwa *ntambo*, yaani mgongo wa kilima ulio baina ya vijito viwili, na kila ntambo ilikuwa ya ukoo mmoja, ikikumbukwa ni mzee gani aliyeufyeka mgongo ule kwanza. Juu yake hulimwa *ngolo*, mashimo yaliyopangika kama sega la nyuki, ambayo huzuia mvua isiutelemshe udongo bondeni. Ngolo haidumu isipochimbwa upya. Mjukuu anayechimba shimo palepale babu yake alipochimba hana haja ya kuambiwa amkumbuke. Rafiki yangu alinieleza kuwa utotoni mwake, mama yake alipokuwa akilima, ndipo alipomtajia wazee wale wa vizazi vinne, mmoja baada ya mmoja, kwa kufuata mipaka ya shamba. Hakuwa akifundisha nasaba. Alikuwa akimwonyesha mtoto mahali pa kukomea na jembe.

Ukiteremka kutoka milima hiyo kuelekea magharibi wafika ziwani, katika nchi ambayo tangu 2012 ni wilaya ya Nyasa. Huko Liuli pana kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1876, akaenda ziwani, akaishi huko karibu nusu karne, na kufa hapo Liuli mwaka 1928. Kaburi lake lajulikana, na watu hulizuru. Sina neno juu ya hilo. Lakini njia aliyoipita mzee huyo kwenda ziwani ilikuwa imekwishapitwa na maelfu kwa maelfu waliokuwa wakija upande wetu, na hao ndio nitakao tuwatazame kwa utulivu, kwani wametuhusu zaidi.

Kutoka mwambao wa Nyasa misafara ya watumwa ilikuja Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yalikuja Unguja, mpaka soko lilipofungwa mwaka 1873, na kwa magendo hata baada ya hapo. Ndiyo maana hapa kwetu Wanyasa walikuwa watu wengi, na lipo hata leo jina hilo katika vinywa vya wazee wa Unguja na Pemba. Mtu alipofika aliitwa Mabruki, au Feruzi, au Almasi, au Baraka. Jina la heri kwa bwana, si kwake. Lile alilopewa na mama yake penye maji ya ziwa lilibaki njiani. Hata walioachwa huru, ndani ya manowari za Waingereza au baada ya amri ya 1897, daftarini waliandikwa kwa jina jipya. Wachache mno walipata kusimulia. Msichana wa Kiyao, Swema, aliyefukiwa mchangani hapa Unguja akiwa hai bado kwa kuwa maradhi yalimwondolea thamani, aliokolewa, akalelewa na masista wa Kikatoliki, na habari zake zikachapwa kwa Kifaransa mwaka 1870. Kwa mmoja huyo tunalo jina. Wengine wamezikwa katika ardhi yetu hii ya matumbawe, tena wengi wamezikwa vizuri, kwa sala na sanda, na wajukuu zao ni sisi. Miili ipo, makaburi yapo. Kilichokosekana ni jina la kurudi nalo nyumbani.

Nduna Songea, basi, na Mnyasa wa Unguja ni kama nusu mbili za chungu kilichovunjika: mmoja ana jina na wazao wake hawana kichwa cha kuzika, mwingine ana kaburi na wazao wake hawana jina la kuliitia.

Narudi kwenye intaneti. Makaburi ya mtandaoni yalianza Canada mwaka 1995, pale mhandisi Michael Kibbee, naye akiugua saratani, alipofungua World Wide Cemetery, ili mfu aweze kuzuriwa na jamaa walio mbali. Kwetu jambo hili lilichelewa. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na baada ya hapo simu zikayafanya mengine. Mwaka huohuo, kule Marekani, Yahoo iliifunga GeoCities, na kurasa nyingi mno zilizotengenezwa na watu wa kawaida, kumbukumbu za wafu zikiwemo, zikafutwa. Nazitaja habari hizi mbili pamoja kwa makusudi: mlango ulifunguliwa kwetu mwaka ule ule uliofungwa kwa wengine.

Wapo katika wazee wetu wanaoziona kumbukumbu hizi kuwa ni mapambo juu ya kaburi, na kaburi lataka udogo. Nawaheshimu, lakini hapa siafikiani nao. Sisi watu wa Pwani tumejenga makaburi ya minara tangu karne nyingi, kutoka Gedi hadi Kaole, na hatukudhani kuwa tunawaudhi wafu. Zaidi ya hayo, intaneti imefanya jambo ambalo jiwe la Songea na utenzi wa Lindi havikuliweza: imempa nafasi asiye chifu wala shujaa. Mwanamke wa Ukata aliyelima ngolo maisha yake yote alipata mahali pake, na mkwewe wa ng'ambo akamwandikia. Ninachokilalamikia ni kingine. Ukurasa ule haukuwa na mrithi. Ntambo ina ukoo, utenzi una mghani, kaburi la Liuli lina kanisa. Ukurasa wa marehemu yule ulikuwa na mkataba na watu wasiomjua.

Mwaka jana rafiki yangu alikwenda Ukata likizo. Mamake mdogo, dada wa marehemu, bado yu hai, amekwishafika miaka themanini na kitu. Alimwomba amtajie wale wazee. Bibi akasema hawezi kuwataja hivihivi akiwa kitini. Wakamshika mkono, wakapanda naye polepole hadi shambani, akaanza kwenye kijito cha chini. Rafiki yangu aliandika kwa kalamu katika daftari la shule, na binti yake wa miaka kumi na mitatu akipiga picha kila ukurasa kwa simu na kuutuma kwa jamaa palepale. Walipofika kileleni walikuwa na vizazi vitano. Jina la mwisho bibi alilitaja mara mbili, kwa sababu yule binti hakulisikia vyema.